Kustaafu Kazi si Kustaafu Maisha

Somo la wiki hii: afya ya wazee na hekima ya Budha

Na Daktari wa Familia

MZEE mmoja wa miaka 67 alikuja kliniki kwangu huku Mombasa bara akilalamika kwamba mgongo unamuuma, usingizi umempotea na kichwa kinamzunguka. Alikuwa karani bandarini kwa zaidi ya miaka 30, kazi yake kuhesabu shehena iliyoteremshwa melini na kuiandika daftarini. Alikuwa amestaafu akiwa na miaka 60. (Mambo machache ya habari zake nimeyabadilisha ili asitambulike.)

Nilimpima nikakuta presha yake ni 170 kwa 100. Nikamwandikia dawa. Mwezi wa pili alirudi, presha iko pale pale. Nikaongeza dawa ya pili. Mwezi wa tatu alikuja na mkewe, na kabla sijashika kalamu mama yule akasema: "Daktari, usijisumbue kuandika. Dawa zako zote ziko kabatini. Hamezi hata moja."

Nilimgeukia mzee nikamwuliza sababu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Mwanangu, meli zinaingia na zinatoka, na hakuna hata moja inayouliza mimi niko wapi. Sasa hiyo presha ikishuka, ndipo nifanye nini?"

Ninakiri mbele ya wasomaji kwamba kosa lilikuwa langu. Kwa miezi miwili nilikuwa nimepima mkono wa mtu huyu wala sikumwuliza mwenye mkono anaishi vipi. Ugonjwa wake wa kwanza haukuwa presha. Alikuwa amepoteza sababu ya kuamka asubuhi, na mtu asiyekuwa na sababu ya kuamka hawezi kuona faida ya kumeza kidonge.

Somo la leo linahusu sababu hiyo. Nitalifunza kwa msaada wa mwalimu ambaye yamkini wengi wenu hamkumtarajia katika ukurasa huu: Budha.

Kwa nini Budha?

Msomaji asinielewe vibaya. Simwiti mtu yeyote aache msikiti wake, kanisa lake au mila za wazee wake. Mimi ni daktari, si mhubiri. Nilikutana na mafunzo haya nikisoma juu ya matibabu ya maumivu yasiyokwisha. Mwaka wa 1979, katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, mtaalamu aitwaye Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki kwa wagonjwa ambao dawa na upasuaji havikuwafaa vya kutosha. Alichukua mazoezi ya kutulia na kufuata pumzi ambayo Wabudha wameyafanya kwa zaidi ya miaka 2,000, akayatoa katika hekalu na kuyaingiza hospitalini, katika mafunzo ya wiki nane. Siku hizi mazoezi hayo hutumiwa katika hospitali za nchi nyingi, na wagonjwa wa kila dini huyafanya.

Isitoshe, kisa cha Budha si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Zamani kiliingia katika lugha ya Kiarabu kwa jina la Bilawhar na Yudasaf, kikasomwa na Waislamu. Kutoka huko kikapita kwa Wakristo wa Georgia na Wagiriki hadi Ulaya nzima, ambako mwana wa mfalme aliyetajwa ndani yake aliitwa Josaphat, akahesabiwa miongoni mwa watakatifu. Wataalamu walikuja kugundua karne nyingi baadaye kwamba kumbe ni kisa kile kile cha Budha.

Hata hapa Afrika Mashariki Wabudha wapo. Huko Upanga, Dar es Salaam, liko hekalu la Kibudha ambalo asili yake ni Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, wakati wa ukoloni. Nchini Uganda, mtawa Mganda aitwaye Buddharakkhita alianzisha kituo cha Kibudha mwaka wa 2005. Jambo linalonigusa mimi zaidi ni kwamba mamake mzazi pia, akiwa tayari ni mama wa watu wazima, aliingia utawa na kupewa jina la Dhammakami. Huyo ni mama ambaye, kwa hesabu za mtaani, angeambiwa kwamba kazi yake imekwisha na sasa akae jikoni akingoja wajukuu. Yeye akaanza ukurasa mpya.

Funzo la kwanza: Uzee si kosa

Inasimuliwa kwamba Siddhartha Gautama, ambaye baadaye aliitwa Budha, alizaliwa mwana wa mtawala huko kaskazini ya Bara Hindi. Babake alimficha asione jambo lolote la huzuni. Siku alipotoka nje ya kasri aliona mambo manne: mzee aliyepinda mgongo, mgonjwa, maiti, na mtawa aliyekuwa ametulia. Aliuliza kama yale matatu ya kwanza yatampata na yeye pia, akajibiwa kwamba hayamwachi mtu. Akiwa na miaka 29 aliondoka kwao kutafuta namna ya kuishi na ukweli huo.

Tazama jambo la kwanza aliloliona: uzee. Hakuambiwa kwamba mzee yule amerogwa, au kwamba analipa dhambi, au kwamba amekuwa mzigo. Aliambiwa ni njia ya kila aliyezaliwa.

Hapa Pwani jambo hili ni la maisha na kifo. Katika kaunti jirani za Kilifi na Kwale wako wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingine kumbe nyuma ya shutuma hizo pana ugomvi wa shamba. Wengine wamelazimika kukimbia nyumba walizojenga kwa mikono yao. Mzee anayesahau majina, anayezungumza peke yake usiku, au mwenye macho mekundu, anahitaji daktari. Macho mekundu yanaweza kuwa ugonjwa wa macho au kazi ya moshi wa kuni wa miaka 50. Kusahau na kupotea njia kunaweza kuwa ugonjwa wa ubongo. Wala huo si uchawi.

Budha mwenyewe alizeeka. Inasemekana alifundisha kwa miaka 45, akafariki akiwa na miaka 80. Karibu na mwisho aliufananisha mwili wake na mkokoteni mkuukuu unaokwenda kwa kuwa umefungwa-fungwa kamba. Sisi wa Mombasa tunaijua mikokoteni hiyo vizuri. Tumeiona ikipanda kutoka feri ya Likoni, gurudumu limepinda, ubao umepigwa misumari, na bado imebeba maji ya kuuza. Mwenye mkokoteni hauchomi moto kwa sababu ni mkuukuu. Anaufunga kamba, anapunguza mzigo, anakwenda. Dawa za presha, miwani, fimbo na kifaa cha kusikia ndizo kamba zetu. Kuzitumia si aibu.

Funzo la pili: Mshale wa pili

Budha alifundisha kwamba mtu asiyekuwa na hekima akichomwa na mshale mmoja hujichoma na wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni yale tunayojiambia juu ya maumivu hayo.

Chukua mfano wa mama wa Kisauni anayeumwa magoti. Maumivu ya goti ni mshale wa kwanza, nao tunaweza kuupunguza kwa dawa, mazoezi na kupunguza uzito. Lakini usiku, badala ya kulala, anawaza: "Nimekwisha. Watoto wamenichoka. Kesho nitashindwa hata kwenda chooni." Goti halijafanya lolote kati ya hayo. Hata hivyo moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakimbia, na asubuhi goti lenyewe linauma zaidi. Hapa hakuna maneno ya kishairi tu: mtu mwenye wasiwasi na asiyelala huyahisi maumivu kwa ukali zaidi kuliko aliyetulia.

Mzee wangu wa bandarini naye alikuwa na mishale miwili. Wa kwanza ni kwamba kazi imekwisha. Huo ni kweli, wala hauondoleki. Kazi zenyewe hapa Mombasa zimebadilika: kontena zilichukua nafasi ya magunia, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka wa 2013, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017 imekuwa ikibeba mizigo iliyopita mikononi mwa watu wengi. Mshale wa pili ulikuwa ni maneno yake mwenyewe: "Kazi imekwisha, basi na mimi nimekwisha." Huo ndio uliokuwa ukimwua.

Funzo la tatu: Punje za haradali

Inasimuliwa pia kwamba mwanamke aitwaye Kisa Gotami alifiwa na mtoto wake wa pekee, akawa anambeba maiti huku na huku akitafuta dawa ya kumfufua. Budha akamwambia amletee punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijapata kufiwa. Alibisha hodi nyumba baada ya nyumba. Haradali ilikuwako kila jikoni, lakini kila nyumba ilikuwa na jina la marehemu. Jua lilipokuchwa akaenda kumzika mwanawe.

Mimi nikiwa daktari ninaona jambo moja katika kisa hiki. Budha hakumpa hotuba. Alimtuma kwa majirani. Mwanamke yule alitoka ndani ya huzuni yake kwa kuingia katika nyumba za wengine na kusikia yao.

Mzee akifiwa na mwenzake wa miaka 40 ya ndoa, sisi humjalia matanga. Kwa siku kadhaa nyumba hujaa watu, chai na sala. Baada ya hapo kila mtu hupanda matatu akaenda zake, na mzee hubaki na kiti kitupu. Hapo ndipo hatari huanza, na hapo ndipo anapohitaji kutumwa kwa majirani: akamjulie hali aliyefiwa mwezi uliopita, akae na mgonjwa, amsindikize mwenzake kliniki. Anapobisha hodi kwa mwingine, anajikuta hayuko peke yake.

Funzo la nne: Njia ya Kati

Kabla ya kupata mwangaza wake, Budha alijaribu kujinyima chakula mpaka mbavu zikahesabika. Hakufika popote. Alikula, akapata nguvu, akafuata njia iliyo kati ya anasa na mateso.

Wastaafu wengi ninaowatibu hukosea kwa moja ya njia mbili. Wako wanaochukua kiinua mgongo chote wakaanzisha biashara ya mbio mbio, wakawa hawalali kwa hesabu na madeni, na ndani ya mwaka mmoja pesa na afya vimekwenda pamoja. Wengine husema "nimechoka, sasa napumzika", wakakaa kitini tangu chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku. Misuli isiyotumiwa hulegea haraka uzeeni, mwili hukosa mizani, na anguko moja bafuni laweza kuvunja nyonga.

Njia ya kati ni kufanya kazi ndogo kila siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wazee wanaoweza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama vile kutembea kwa haraka kidogo, na mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu kwa wiki. Dakika 150 ni kama nusu saa kwa siku tano. Mkaazi wa Likoni anaweza kutembea ufuoni Shelly maji yakitoka, wa Kisauni akaenda ufuo wa Bamburi, na wa Changamwe akazunguka mtaani alfajiri kabla trela hazijaamka. Ukishindwa na nusu saa, anza na dakika kumi.

Sayansi inasema nini?

Msomaji atauliza: je, kuwa na sababu ya kuishi kunasaidia mwili kweli, au ni maneno ya kufariji tu?

Huko Japani, nchi ambayo Ubudha umekaa kwa karne nyingi, watu wana neno ikigai, maana yake jambo linalofanya maisha yastahili kuishiwa. Katika utafiti wa Ohsaki uliochapishwa mwaka wa 2008, watu 43,391 waliulizwa kama wana ikigai, wakafuatiliwa kwa miaka saba. Waliosema hawana walikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi kwa karibu nusu ile ya waliosema wanayo. Huko Marekani, utafiti wa watu 6,985 waliozidi miaka 50, uliochapishwa mwaka wa 2019, uliona kwamba wale wenye lengo dogo kabisa maishani walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya maradufu ikilinganishwa na wenye lengo kubwa kabisa.

Ni lazima niseme ukweli wote. Tafiti za aina hii hazithibitishi kwamba lengo peke yake ndilo linalorefusha maisha, kwa kuwa mgonjwa naye aghalabu hupoteza hamu ya mambo. Lakini kuna njia zinazoeleweka: mwenye sababu ya kuamka humeza dawa zake, hutembea, hula vizuri, hulala, hukutana na watu. Fauka ya hayo, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka wa 2024 mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni, ambayo mtu au nchi inaweza kuyapunguza. Miongoni mwake ni presha, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, huzuni ya muda mrefu na upweke.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Afrika yetu. Huko Mbare, Harare, nchini Zimbabwe, ambako madaktari wa akili ni wachache mno, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafunza akina nyanya 14 namna ya kumsikiliza mtu mwenye huzuni na kumsaidia kutatua tatizo moja moja. Kliniki yao ni bao la kukalia chini ya mti. Matokeo ya utafiti uliowahusu wagonjwa 573 yalichapishwa mwaka wa 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na akina nyanya wale walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wazee walioonekana hawana kazi ndio waliokuwa dawa ya mtaa. Jungu kuu halikosi ukoko.

Mazoezi ya wiki nne

Sasa tuingie katika matendo. Chukua daftari na kalamu.

Wiki ya kwanza: Tulia. Kila asubuhi, baada ya sala zako, keti kitini mgongo umenyooka na miguu imegusa sakafu. Fuata pumzi ikiingia na kutoka. Hesabu pumzi moja hadi kumi, kisha anza tena. Mawazo yatakuja: deni, mtoto, kifo cha fulani. Usigombane nayo. Yaone, yaache yapite, rudi kwenye pumzi. Dakika tano zinatosha, uziongeze hadi kumi. Aliyepatwa na mambo ya kutisha zamani, au mwenye ugonjwa wa akili, akiona zoezi hili linamzidishia hofu, aache na azungumze na daktari.

Wiki ya pili: Tenganisha mishale. Kila jioni chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika lililotokea: "Mgongo uliuma." "Mwanangu hakupiga simu." Upande wa kulia andika ulilojiambia: "Mimi ni mzigo." "Amenisahau." Soma upande wa kulia, ujiulize kama una ushahidi. Asiyejua kuandika amwombe mjukuu, au amsimulie mtu anayemwamini.

Wiki ya tatu: Hesabu ulicho nacho. Andika mambo matano unayoyajua kuliko kijana wa miaka 20. Usidharau chochote. Kusuka makuti, kupika biriani ya watu mia, kurekebisha injini ya ngalawa, kuzima ugomvi wa ndoa, kujua nani amezikwa wapi: yote ni elimu. Kumbuka kwamba misitu ya kaya za Wamijikenda iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008, nayo imefika leo kwa sababu wazee waliilinda.

Wiki ya nne: Toa kimoja. Chagua jambo moja kati ya yale matano, umpe mtu mmoja, siku moja maalumu ya wiki. Siku maalumu ni muhimu. Mtu anayengojewa Jumanne saa nne ana sababu ya kuamka Jumanne.

Tahadhari za daktari

Hekima haichukui nafasi ya dawa. Usiache vidonge vya presha au vya kisukari kwa sababu umejifunza kutulia. Endelea navyo, na apunguze daktari wako tu.

Pili, usikubali kila jambo liitwe "uzee". Uchovu na kukosa hamu huweza kuletwa na upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi la shingo, kisukari kisichojulikana, au hata dawa unazomeza. Mzee anayejitenga barazani huenda hasikii mazungumzo, au ana mtoto wa jicho, na vyote hivyo hutibika au hupunguzwa makali. Ukiwa umezidi miaka 60, pimwa presha, sukari, macho na masikio.

Tatu, jua dalili za ugonjwa wa huzuni, ambao wengine huuita sonona. Wazee wengi hawasemi "nina huzuni". Husema mwili unauma, usingizi hauji, chakula hakina ladha. Hukasirika upesi, husahau, hukonda, huacha kuoga, huacha bao na kahawa walivyovipenda. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, nenda hospitali. Ugonjwa huu una tiba, kwa mazungumzo na kwa dawa.

Mzee akisema "heri nife", akianza kugawa vitu vyake bila sababu, au akiacha dawa kwa makusudi, usimcheke wala usimkemee. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa sumu na vidonge karibu yake, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wengi walikuwa wakificha jambo hili kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa, na pahali pake ni hospitali.

Neno kwa watoto na jamaa

Kulingana na hesabu ya watu ya 2019, Wakenya waliofikisha miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 2.7. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, na kuishi kwa heshima. Kujiendeleza, wasomaji wangu, si kulishwa tu.

Najua mnawapenda wazazi wenu. Lakini wakati mwingine tunawapenda hadi tunawanyang'anya kazi. "Mama, wacha, nitafagia mimi." "Baba, kaa, usijisumbue." Tukisema hivyo mara kumi kwa siku, ujumbe unaofika ni kwamba hahitajiki. Mwachie mzazi kazi anayoiweza: apokee ada ya chama, awasimamie wajukuu wakisoma, achague mboga sokoni Kongowea. Mwombe shauri kabla hujakata neno, si baada ya kulikata. Na ikiwa amefikisha miaka 70, msaidie kujiandikisha katika mpango wa Inua Jamii. Shilingi 2,000 kwa mwezi si nyingi, lakini mzee mwenye shilingi yake mfukoni hukaa tofauti barazani.

Daftari la mzee

Inasimuliwa kwamba usiku wa mwisho, Budha akiwa amelala hoi kati ya miti miwili, alikuja mtu aitwaye Subhadda mwenye swali. Wanafunzi walimzuia wakisema mwalimu amechoka. Budha alisikia, akasema aachwe apite. Akamjibu, akampokea, na huyo akawa mwanafunzi wake wa mwisho. Aliyekuwa akikata roho alikuwa bado na nafasi ya mgeni mmoja.

Nilimweleza kisa hicho mzee wangu wa bandarini. Hakusema kitu. Nikamwambia: "Mzee, nina shida. Wagonjwa wangu wa mtaa wako wawili hawakumbuki siku zao za kliniki, na mmoja hajui kusoma. Wewe umehesabu kontena miaka 30. Nihesabie vidonge."

Alinitazama kana kwamba ninamfanyia mzaha. Wiki mbili baadaye alirudi na daftari lenye mistari iliyonyooka kama ya afisini: jina, dawa, asubuhi, jioni, siku ya kurudi. Jina la kwanza lilikuwa lake mwenyewe. Nilipouliza, alisema karani hawezi kudai hesabu ya wengine ilhali yake ina pengo.

Sisemi kwamba amepona kila kitu. Mgongo bado unamuuma, na ziko siku ambazo hutoka nje akasimama tu akisikiliza honi za meli. Lakini presha yake imekuwa ikikaa karibu na 140 kwa 85 kwa dawa zile zile mbili nilizomwandikia, na daftari sasa lina majina saba. Mwezi uliopita mmoja wa hao saba alifariki. Mzee alikuja kunipa habari, akafungua ukurasa, akapiga mstari mmoja chini ya jina, akauliza: "Daktari, yule mama wa nyumba ya pili anaanza lini dawa? Nimemwachia nafasi."

Msomaji, kabla hujalala leo, fikiria ni nani anakungoja Jumanne. Kama hakuna, tafuta mmoja. Hadi wiki ijayo, nakutakieni afya njema.